Mbao au Bandiko? Maneno kwa Wanaonunua Makabati na Milango ya Kale ya Mjozi

(Hotuba niliyoitoa mbele ya Waswahili wenzangu wa London. Mezani nilikuwa na droo moja ya zamani, na ukutani nimeegemeza mlango wa kabati la nguo.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Nawashukuru kwa kuniita. Mimi ni seremala. Randa nilifundishwa kuishika Ng'ambo, Unguja, na mjomba wangu, na hapa Uingereza huu ni mwaka wa 22 niko katika karakana ya kutengeneza fanicha za kale.

Yupo mama mmoja humu ukumbini, jina lake nalisitiri. Mwezi uliopita alinionyesha picha kwenye simu: kabati la nguo la mjozi, mti ambao Waingereza huuita walnut, la milango miwili, uso wake umejaa mawimbi ya asali na kahawia, yamekutana katikati kama mbawa za kipepeo. Lilikuwa linapelekwa mnadani. Akaniuliza, "Mwanangu, hili ni mbao au bandiko?" Yaani ni mbao tupu, au juu limebandikwa ngozi nyembamba? Nikamjibu, "Bandiko, mama." Uso ukamshuka. Akairudisha simu mkobani na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa nimesema kweli, lakini nilimjibu vibaya, na jambo hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Ndiyo maana nimekuja na droo hii na mlango huu.

Namwelewa yule mama. Sisi tumekulia kwenye milango ya Mji Mkongwe na Lamu. Mlango ule ni mti mtupu: mvule, msaji, au mfenesi, mzito mpaka mtoto akiusukuma hausogei, miimo imenakshiwa, misumari ya shaba imejipanga. Kwetu uzito ndio ushahidi. Halafu ikaja fanicha ya chipbodi, ile ya vumbi la mbao lililoshindiliwa, ikabandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Ikimwagikiwa maji inavimba, kona inamomonyoka, na muuzaji anasema ni vinia. Basi neno vinia likaharibika jina. Nataka leo tulirudishie heshima yake, maana ile karatasi haina udugu wowote na kitu ninachokizungumzia.

Vinia, yaani hilo bandiko, ni mti. Ni mbao halisi iliyopasuliwa nyembamba na kulazwa juu ya mbao nyingine. Na kwa mjozi, yaani mti unaozaa jozi, fundi wa kale hakuipasua kwa sababu ya ubahili peke yake. Mjozi huota nundu kwenye shina na karibu na mizizi, na ndani ya nundu nyuzi za mti hazina mwelekeo: zinazunguka, zinajikunja, zina vijicho vidogo vidogo kama matone ya mvua kwenye mchanga. Hapo ndipo penye uzuri wote. Lakini chukua nundu hiyo uitengenezee ubao mzima wa mlango, uone. Utapinda, utapasuka, utakatikia mikononi, kwa sababu hakuna uzi mmoja mrefu wa kuushikilia. Njia ya kuufaidi uzuri ule ni kuukata nyembamba na kuulaza juu ya mbao tulivu, msonobari au mwaloni, ibebe mzigo. Na ukipasua vipande viwili vinavyofuatana ukavifunua kama kurasa za kitabu, unapata ule mchoro wa kipepeo aliouona mama kwenye picha. Kipepeo hachorwi, ni mti wenyewe umefunguliwa.

Kwa hiyo swali la "mbao au bandiko" tuliache. Muulize muuzaji, na zaidi uliulize kabati lenyewe: vinia hii ni ya lini, imelazwa juu ya nini, na je, ngozi na mwili vimezaliwa pamoja?

Wakati nao una habari yake. Hapa Uingereza mjozi ulitawala vyumba vya matajiri tangu miaka ya 1660 hadi kama 1730. Kisha ukaadimika. Baridi kali ya 1709 iliua mijozi mingi sana Ulaya, na 1720 Ufaransa ikapiga marufuku kuuza mjozi wake nje. Mwaka uliofuata Waingereza wakaondoa ushuru wa mbao zinazotoka makoloni yao, mkangazi wa Karibi, yaani mahogani, ukamiminika bandarini, na mjozi ukawekwa kando. Ukarudi katikati ya karne ya 19, wakati wa Malkia Victoria, halafu ukarudi kwa kishindo miaka ya 1920 na 1930. Vingi mtakavyovikuta sokoni ni vya mawimbi haya mawili ya mwisho. Malkia Anne alitawala kuanzia 1702 hadi 1714, miaka 12 tu, lakini makabati yanayouzwa kwa jina lake yangejaza ikulu mia. Muuzaji akisema "mtindo wa Queen Anne", lishikeni hilo neno mtindo. Miaka ya 1920 walitengeneza mtindo huo kwa wingi, na nyingine ni kazi nzuri kabisa, ila bei yake iwe ya 1920.

Sasa droo. Hii ni ya miaka ya 1720 hivi, haina kabati tena. Naigeuza upande. Tazameni ukingo wa juu wa uso wake, pale vinia inapokutana na mbao ya chini. Mnauona ule mstari wa kahawia? Unene wake ni kama sarafu ya peni 2. Hiyo ni vinia ya msumeno wa mkono: watu wawili, gogo limesimamishwa, wanavuta na kurudisha kutwa. Ni vigumu mkono kupasua nyembamba sana bila kutoboa, kwa hiyo vinia ya zamani hizo ina milimita 1.5, 2, hata 3, na haiko sawa kila mahali. Ya mashine ni nyembamba kuliko kadi ya benki, na iko sawa mwanzo hadi mwisho. Basi ukiona kabati linaitwa la 1710 na vinia yake ni kama karatasi ya mwaliko, rudi nyuma hatua moja.

Pembeni hapa uso wa droo unaungana na ubavu kwa meno yaliyokatwa mfano wa mkia wa njiwa. Yako matatu, na hayalingani. Hili pana, hili limeegemea kushoto, na msumeno umepitiliza kidogo hapa, mwanya wa unywele. Huo ni mkono wa mtu. Meno ya mashine yanalingana yote kama ya kitana. Chini kabisa ya ubavu mbao imelika, imekuwa na tumbo, kwa kuvutwa na kusukumwa miaka 300. Ukimaliza kuona hapo, chungulia ndani ya kabati, kwenye reli ambayo droo inatembea juu yake: nayo iwe imelika mahali pale pale. Droo iliyolika haiwezi kuwa imetembea kwenye reli isiyolika. Na ndani ya droo hamna rangi wala vanishi. Mbao imekauka, ina kijivu chake. Ukikuta ndani kumepakwa rangi nyeusi ili paonekane pa kale, mtu amekuwa akifanya kazi ambayo wakati ungeifanya bure.

Niwasimulie jinsi nilivyojifunza haya kwa fedha yangu. Mwaka wangu wa tatu hapa nilinunua kabati la droo 4, katika nyumba moja ya mnada nje ya London. Maelezo yao yalisema ni la mjozi, mwanzo wa karne ya 18. Nililikagua: mbavu za mwaloni, meno ya mkono, migongo imechakaa vizuri. Mwili ulikuwa wa kale kweli. Nikalipa akiba ya miezi 7. Nikalifikisha nyumbani usiku, nikavuta droo ya juu kuifuta vumbi, nikapitisha kidole upande wa ndani wa uso wake. Kidole kikaingia kwenye tundu. Nikawasha taa. Matundu mawili, kila moja limezibwa kwa kipande cha mbao, mahali palipowahi kukaa vifundo vya mbao vya kuvutia droo. Nikaigeuza nitazame nje, mahali pale pale. Vinia inapita safi, haina kovu, haina kiraka. Nikavuta ya pili, ya tatu, ya nne. Zote ndivyo.

Mmeona maana yake? Kama vinia ingekuwa imezaliwa na droo, tundu lingeitoboa nayo. Kabati lilikuwa la mwaloni mtupu, la mtu wa kawaida, na miaka mingi baadaye mtu akalivisha ngozi ya mjozi ili aliuze ghali. Mwili wa mzee, ngozi ya kijana. Niliwarudia wale wa mnada, wakanionyesha masharti yao yaliyochapishwa, kwamba mnunuzi ajiridhishe mwenyewe. Nililia, na sioni aibu kulisema mbele yenu. Tangu siku ile sinunui kabati kabla ya kulinganisha matundu ya ndani na ya nje, na nawaomba nanyi mfanye hivyo. Tochi ya simu inatosha, na kidole.

Nije kwenye milango, maana wengi mmeniandikia juu ya milango.

Mlango huu ukutani ni wa kabati la nguo la miaka ya 1930. Vinia yake ni ya mashine, nyembamba, na chini yake kuna plaiwudi. Sitaki muudharau kwa hilo. Wakati ule plaiwudi ilikuwa kazi ya kujivunia, na nundu iliyolazwa hapa ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona kwenye vitu vya bei mara kumi. Cha kwanza kwa mlango wa aina hii ni kuutazama ukingo wake kwa jicho moja, kama mnavyotazama mstari wa ukuta. Ukiwa umepinda, kona moja ya kabati itakuwa na mwanya wa kupitisha kidole, na kuunyosha mlango uliopinda ni kazi ngumu ambayo mara nyingi haifanikiwi. Kisha geuza mgongo. Mgongo lazima nao uwe na vinia, hata iwe ya mti wa kawaida. Gundi inapokauka inavuta. Ukibandika upande mmoja tu, upande huo unavuta peke yake na mlango unajikunja kama jani la mgomba juani. Fundi mwema hubandika pande zote mbili, zikavutana, mlango ukatulia.

Kwa kabati la milango miwili, simama mbali na uangalie kama kipepeo anakutana mbawa. Mbawa zikipishana, mlango mmoja umebadilishwa. Ila rangi kutofautiana kidogo kusikutishe: mjozi hupauka ukipigwa na jua, na mlango uliokuwa upande wa dirisha huwa mweupe zaidi. Fungua skrubu za kishikio kimoja, mwenyewe akiruhusu, uone rangi iliyo chini yake. Hiyo ndiyo rangi ya siku ya kwanza. Na hapo hapo tazama skrubu yenyewe. Ile yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930 inakaribia kwisha; ukiikuta kwenye bawaba ya kabati la Victoria, bawaba imewahi kufunguliwa. Si kosa, lakini uliza kwa nini.

Milango ya vyumba, ile bapa ya vinia ya mjozi iliyotolewa kwenye nyumba za miaka ya 1930, inapatikana katika maghala ya vifaa vya majengo yaliyobomolewa. Pimeni fremu ya nyumbani kabla ya kwenda. Kipimo cha kawaida cha mlango wa chumba hapa ni milimita 762 kwa 1981, lakini nyumba za zamani zina vipimo vyake. Mlango wa vinia hauruhusu kukatwa ovyo. Pembezoni una ukanda mwembamba wa mbao uliofunika kingo. Ukiuranda ukanda huo ukaumaliza, unafikia tumbo la mlango, na vinia inabaki bila ulinzi, inaanza kunyofoka kwa kila begi linalopita. Na kwa mnaoishi kwenye maghorofa: mlango wa kuingilia fleti hutakiwa uwe wa kuzuia moto, kwa kawaida dakika 30. Mlango wa kale haukupimwa kwa hilo. Uweke chumba cha ndani, na kabla ya hapo muulize mwenye jengo.

Mama wa safu ya mbele ameuliza kuhusu uvimbe. Swali zuri. Gongeni kwa kucha, taratibu, mkitembeza kidole uso mzima. Sikilizeni mlango huu. Hapa: ko, ko, ko. Hapa: pu, pu. Sauti ya pili ni hewa. Vinia imeachana na mbao. Watu wengi wakisikia hivyo wanakimbia. Mimi huwa nashusha bei na kununua, kwa sababu makabati ya kale yaligandishwa kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi hiyo hulainika tena ikipata joto na unyevu. Naweka kitambaa chenye unyevu, juu yake pasi ya moto wa wastani, nahesabu pole pole, kisha nakandamiza kwa kipande cha mbao na jiriwa mpaka asubuhi. Mara nyingi gundi ile ile ya miaka 100 au 200 inashika upya. Gundi nyeupe ya dukani hainipi nafasi hiyo. Mtu akiisukuma chini ya vinia ya kale, fundi atakayekuja baadaye hana pa kuanzia.

Kinachonitisha ni vinia iliyokatika na kipande kupotea, hasa kwenye nundu, kwa sababu hakuna nundu mbili zinazofanana. Kinachonitisha zaidi ni msasa. Vinia ya 1930 ina nusu milimita na kidogo. Mtu ananunua kabati, anakodi mashine ya msasa ili "alisafishe", na ndani ya dakika 2 plaiwudi inatokeza kama goti kwenye suruali. Hapo hakuna dawa. Alama nyeupe za glasi mnazoziona juu ya makabati mengi ziko kwenye polishi, hazijafika kwenye mti. Kuanzia karne ya 19 walipaka sana sheleki, utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti. Gusisha tone la spiriti mahali pa siri. Pakinata, ni sheleki, na fundi anaweza kuifufua bila kuigusa vinia.

Wadudu nitasema kwa ufupi. Mbao iliyobunguliwa ina matundu ya milimita 1 hadi 2. Matundu ya zamani ni meusi ndani na hayana kitu. Yakitoa unga mweupe ukiligonga kabati, wadudu wako hai. Angalieni zaidi migongo ya plaiwudi ya zamani, wanaipenda. Usiliingize ndani kabati kama hilo kabla halijatibiwa.

Mnadani, hesabuni ada kabla ya kunyoosha mkono. Juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, mnunuzi huongezewa asilimia, mara nyingi zaidi ya 20, na kodi ya VAT juu ya ada hiyo. Hata hivyo huu ni wakati wa kununua. Fanicha za kahawia, kama wenyewe wanavyoziita, zimeshuka bei mno tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana wanataka nyeupe. Nimeona makabati ya Victoria yenye nundu safi yakiondoka kwa bei ya godoro.

Jambo moja tu kuhusu mapambo ya tundu la ufunguo. Yakiwa ya pembe ya ndovu, sheria ya hapa sasa inakataza kuuza, isipokuwa kwa masharti: kwa fanicha, iwe ya kabla ya 1947, pembe iwe chini ya asilimia 10 ya ujazo wa kitu kizima, na isajiliwe kwanza. Kila nikikifuta kile kijipande cheupe nakumbuka kwamba katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe, na kwamba pembe zile zilifika pwani mabegani mwa watu. Sipiti juu yake haraka.

Na mnaopeleka kontena nyumbani, nawasihi. Kontena likikaa juani bandari ya Mombasa au Dar es Salaam ndani ni tanuri, na gundi niliyowaambia hulainika kwa joto na unyevu. Kabati la mjozi msilifunge plastiki. Jasho linabaki ndani. Lifungeni blanketi, milango ifungwe kwa kamba laini isichezecheze, droo zitolewe zifungwe mbali. Likifika, lisiwekwe ukutani penye unyevu wa chumvi wala sakafuni penye mchwa; liwekeni juu ya vigingi, na mgongo upate hewa. La 1720 msilipeleke kabisa. La 1930 linaweza kuvumilia likitunzwa.

Nirudi kwa yule mama. Juma lililopita tulikwenda wote kulitazama kabati lake kabla ya mnada. Tulitumia saa nzima. Milango imenyooka, migongo yake ina vinia, kipepeo anakutana. Ubavu wa kushoto una uvimbe wa ukubwa wa sahani, unaotengenezeka. Mgongo wa plaiwudi ulikuwa na matundu, meusi, makavu. Ndani ya mlango wa kulia kulikuwa na kioo na reli ndogo ya tai za mwanamume. Mama alipiga magoti, akachungulia chini, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mlango kama nilivyomwonyesha, akaniambia, "Ni nyembamba, lakini ni mti." Tuliandika bei ya mwisho kwenye kikaratasi, ada ikiwa ndani yake, na akaapa hatapita hapo hata kwa pauni 5. Alilipata kwa chini ya hapo. Litafika karakanani Jumatatu, na anayetaka kuona uvimbe ule unavyolazwa kwa pasi, aje saa 4 asubuhi.